Fungu la Karima

Papa Mohamadi Saleh alikutwa amekufa nyuma ya kaunta ya duka lake la vipuri vya baiskeli, pale Makiso, kisogo kimepasuka. Sufuria ya pondu, yaani kisamvu, ilikuwa imemwagika mlangoni. Mkewe, Karima, alikuwa amekaa sakafuni, amepakata kichwa cha mumewe, damu imemfika viwikoni.

Ilikuwa Ijumaa, watu ndio kwanza wanatoka msikitini, na Papa Mohamadi hakuwa ameonekana kule. Waendesha toleka waliegesha baiskeli zao za abiria, wakajazana mlangoni, kila mmoja akijifanya anajua kuliko mwenzake.

"Ni bibi yake!"

"Asubuhi waligombana, tulisikia wote!"

Ah, watu wa mji huu! Maiti haijapoa, hukumu wameshaitoa.

Inspekta Mwanahamisi Lukumani aliwapenya, akachuchumaa. Pigo moja tu, limetoka nyuma. Chini ya rafu kulikuwa na mkono wa pedeli, chuma kizito, upande mmoja una damu na nywele. Upande wa kushikia ulikuwa umefutwa, haukuwa na alama ya kidole hata moja.

Hilo likamkera. Nani huyo anayefuta silaha kwa uangalifu wote ule, kisha anakaa na damu mikononi kungoja polisi?

"Kesi imeisha," alisema Komisari Hubert, mkubwa wake, kituoni. "Mume alitaka kumwacha. Akiachwa hapati kitu. Akifiwa, anapata robo ya nyumba na duka. Si wewe mwenyewe umeniambia?"

Mwanahamisi alijiuma mdomo. Kweli, ni yeye. Komisari alimuuliza sheria ya Waislamu inasemaje, naye akajibu bila kufikiri: mume akifa hana mtoto, mke huchukua robo. Baba yake, mwalimu wa chuo cha Kurani, alimkaririsha mafungu hayo yote tangu utotoni. Sasa ulimi wake huohuo ndio umemchimbia kaburi mjane.

"Chef, nipe muda kidogo."

"Gari la parquet linakuja kumchukua kabla ya magharibi. Likifika, anapanda."

Na mtu akishapanda gari lile la waendesha mashtaka, kumrudisha ni kazi nyingine kabisa. Mwanahamisi alimleta Karima chumbani, akafunga mlango.

"Muligombana juu ya nini?"

"Banalia! Kila mwezi anaenda Banalia. Nikamuuliza, kule kuko nini? Akanyamaza. Kisha akaniambia, leo nikitoka musikiti nitakueleza yote."

"Alitaka kukuacha?"

"Sijui, Mama Inspecteur. Mi nilimupelekea chakula, nikamukuta chini."

"Muko na watoto?"

"Hapana. Miaka kumi na mbili! Nimekunywa dawa zote za miti za Tshopo hii mpaka nikatapika nyongo. Mungu hakutoa."

"Yeye je? Hana mtoto nje?"

"Mohamadi? Jamais!"

Majirani walisema vivyo hivyo. Imamu pia. Mohamadi hakuwa na mtoto, mji mzima unajua.

Akaitwa Lionel, mwenyeji wa Banalia, mtu wa miaka thelathini na kitu aliyeshika mahesabu ya duka. Huyu kalkuleta haikukosa mfukoni mwake. Hata ukinunua pampu moja ya upepo, lazima aipige kwanza ndipo akutajie bei.

"Wakati wa sala ulikuwa wapi?"

"Ku port, kungojea mashua ya mataili. Mi mukristo, siendi musikiti."

"Nani alikuona?"

"Watu wengi."

"Nitajie mmoja."

"Bon... sikuuliza majina, Mama."

Jibu la ovyo, lakini jibu la ovyo halimfungi mtu. Mwanahamisi akamwachia.

Lionel alipopita ukumbini akamkuta Karima kwenye benchi, mikono katika pingu. Akasimama. Macho yake yalikuwa na machozi, na labda yalikuwa ya kweli.

"Mama Karima, usilie. Sheria yenu itakulinda. Zéro virgule cent vingt-cinq yako, hakuna mutu atakunyanganya."

Mwanahamisi alikuwa mlangoni, akaisikia namba hiyo: sifuri nukta mia moja ishirini na tano.

Alirudi mezani. Mafungu aliyokaririshwa yalikuwa nusu, robo, theluthi. Mambo ya virgule, ya desimali, hayakuwemo. Kwenye vumbi la meza akaandika kwa kidole: 0,125. Tarakimu tatu baada ya virgule, basi chini ya mstari huwekwa elfu. Mia moja ishirini na tano juu ya elfu. Akagawanya juu na chini kwa tano: ishirini na tano juu ya mia mbili. Tena kwa tano: tano juu ya arobaini. Tena: moja juu ya nane.

Thumni.

"Lahaula!" alisema kwa sauti, peke yake chumbani.

Fungu la mke ni robo mume akiwa hana mtoto. Hushuka kuwa thumni pale tu mume anapoacha mtoto.

Nje breki zikalia. Gari la parquet lilikuwa limefika.

"Mrudisheni Lionel!" alipaza sauti. "Na mama huyo asipande mpaka niseme mimi!"

Komisari Hubert akaingia, uso umekunjamana. "Inspekta, unafanya nini?"

"Chef, kaa hapo. Ukiona naropoka, mpandishe Karima."

Lionel akaketishwa.

"Nilifikiri tumemaliza."

"Ile zéro virgule cent vingt-cinq uliitoa wapi?"

"Ni fungu ya bibi. Kwa Waislamu iko vile."

"Nani alikuambia?"

"Kila mutu anajua."

"Kila mtu anajua ni robo. Hebu toa kalkuleta yako. Piga moja, gawanya kwa nne."

Akapiga. Kioo kikaonyesha 0,25. Lionel akakodoa macho.

"Sasa gawanya kwa nane."

Hakupiga. Jibu alikuwa nalo tangu mwanzo.

"Mtoto yuko wapi, Lionel?"

"Mutoto gani?"

"Mke hapewi thumni ila mume awe na mtoto. Mjane mwenyewe hamjui. Imamu hamjui. Wewe unamjua. Yuko wapi?"

Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Kule nje askari wa parquet alikuwa akipiga honi kwa kukosa subira.

"Papa Mohamadi alisema kwa kinywa chake," Lionel alinong'ona. "Alisema bibi ni thumni. Mi nikapiga moja gawanya nane. Nilifikiri ni vile siku zote."

"Ni vile kwa sababu alijua ana mtoto. Banalia kuko nani?"

"Dada yangu."

"Endelea."

"Djamila. Papa alimuoa kule, kwa siri, akazaa mutoto mwanaume. Mwaka jana malaria ikamubeba dada. Mutoto akabaki na mama yetu." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Juzi Papa akaniita. Akasema amechoka kuficha. Atamwambia Mama Karima, amulete mutoto hapa, Mama amulee kama wake. Akaniambia na mafungu, ili nijue mutoto wa dada hatapotea."

"Ukamuua kwa wema huo?"

"Mutoto akija kwa Mama Karima, mi ninabaki nani? Karani tu! Alors, Papa akikufa, mutoto iko kwangu, mi ndiye mujomba. Na zéro virgule huit cent soixante-quinze iko kwangu."

Thumni saba zilizobaki, fungu la mtoto. Hata roho ya mtu aliipigia kalkuleta, mwanaharamu huyu! Mwanahamisi alihisi mikono ikimwasha, akaiweka chini ya meza.

"Kile chuma ulikifuta na nini?"

"Kitambaa cha grisi. Nimekitupa nyuma ya duka, ndani ya pipa."

Komisari Hubert aliinuka, akatuma askari wakakilete. Kisha akafungua mwenyewe pingu za Karima.

Kazi mbaya ilibaki ya Mwanahamisi. Alikaa naye benchini, akamweleza yote: kwamba yuko huru, kwamba fungu lake limeshuka nusu, na kwa nini limeshuka.

Karima alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalipiga benchi kwa kiganja.

"Miaka kumi na mbili natapika majani! Na yeye iko naye! Iko naye, ananiangalia nikikunywa!"

Akamgeukia Mwanahamisi.

"Mutoto anaitwa nani?"

"Mahmoudi," alijibu Mwanahamisi, jina alilolipata kwa Lionel.

Karima akaanza kulia, kilio cha sauti, cha kwanza tangu mchana.

"Jina lile tulichagua sisi wawili," alisema. "Mwaka tulioana. Ilikuwa ya mutoto wetu."

Lionel akapitishwa mbele yao, mikono nyuma, kuelekea kwenye gari lililokuwa linamngoja Karima. Hakumtazama, na Karima naye hakumtazama. Alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe.

"Mama Inspecteur, nipatie maji ninawe," alisema. "Sitaki mutoto anikute na damu ya baba yake."