Uso Ulioshinda

Mwanamke alilala chali sakafuni, na hakuwa na uso.

Inspekta Habibah alisimama mlangoni akavuta pumzi kwa mdomo. Miaka kumi na sita alikuwa kwenye upelelezi, na bado jambo hili lilimshinda kuzoea. Pua, macho na meno ya marehemu vilikuwa vimepondwa pamoja. Damu ilikuwa imerukia pazia, ikarukia sufuria, ikafika mpaka kwenye mabati juu. Inzi walikuwa wamewatangulia polisi.

Ilikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi, mwezi wa tatu mwaka 2018, katika chumba kimoja cha kupanga huko Kisugu, Kampala.

"Afande, kitambulisho iko hapa," alisema Sajini Odoch.

Kilikuwa kimefungwa kwenye pindo la kitenge cha marehemu. Kadi ya mkimbizi. Jina, Séraphine. Mzaliwa wa Uvira, Kongo, mwaka 1990. Picha yake ilikuwa imefifia.

"Nani aliyepiga simu?"

"Dada yake, ule mdogo. Estelle. Iko nje nalia."

Habibah hakutoka mara moja. Alivaa glavu, akachuchumaa, akatazama chumba chote polepole. Kitanda hakikuvurugwa. Redio ilikuwa mahali pake. Pembeni palikuwa na kinu cha kutwangia sombe, majani ya muhogo ambayo Wakongo hawamalizi wiki bila kuyala. Mchi ulikuwa ndani ya kinu, umeoshwa vizuri, mti wake bado una unyevu. Lakini kwenye ufa wa kichwa chake ulikuwa umenasa unywele mmoja mrefu.

"Odoch, umewahi kuona mwizi anayeosha vyombo?"

"Kama iko, afande, mimi nataka kumuoa."

Habibah aliutia unywele kwenye mfuko wa ushahidi, akatoka nje.

Yule mwanamke alikuwa amekaa chini, kitenge amejifunika mpaka kwenye nyusi. Uso ulikuwa umevimba kwa kilio. Kifuani alikumbatia bahasha ya kaki kama mtu aliyekumbatia mtoto.

"Pole sana, dada."

"Asante, afande."

"Wewe ndiye Estelle?"

"Ndiyo."

"Mliishi wawili?"

"Wawili tu. Tumehamia hapa, hata wiki mbili hazijaisha."

"Marehemu alifanya kazi gani?"

"Alichuuza vitenge. Kwa miguu. Kabalagala, mjini, mpaka Old Kampala kule kwenye maduka ya Wahindi."

"Na wewe?"

"Nasuka nywele. Saluni ya Mama Huguette, Kabalagala."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Kanisani, kwenye mkesha wa maombi. Nimerudi asubuhi, nimemkuta hivi. Ni wezi, afande. Hapa wezi ni wengi."

"Wameiba nini?"

Mwanamke alivuta kitenge chini zaidi usoni.

"Na hiyo bahasha?"

Aliikumbatia zaidi. "Ni ya Amerika. Nimeshinda bahati nasibu, ile ya viza. Wananipa makazi ya kudumu. Alhamisi nina mahojiano ubalozini kwao, Nairobi. Basi naondoka kesho. Nikikosa siku hiyo, imekwisha, afande. Hakuna nyingine."

"Dada yako hajazikwa, na wewe unapanda basi?"

"Yaya mwenyewe angetaka niende."

Yaya, ndivyo Wakongo wanavyomwita ndugu aliyewatangulia kuzaliwa. Habibah alimtazama. Yeye ni Mnubi wa Bombo. Kwao, mtu akifa, hata aliye safarini hugeuza njia.

* * *

Kwenye chumba cha maiti, daktari alivua miwani akaifuta.

"Mapigo kumi na moja. La kwanza kisogoni, kwa nyuma. Hilo ndilo lililomuua. Kumi yaliyobaki ni ya usoni, naye alishakufa."

"Nani anaipiga maiti mara kumi?"

"Mtu mwenye hasira."

"Au mtu mwenye kazi," alisema Habibah.

Alikunjua shuka upande wa miguu. Alitazama nyayo mpaka daktari akakohoa. Zilikuwa laini kama za mtoto mchanga, kucha zimepakwa rangi nyekundu. Hapakuwa na ufa wala sugu. Kisha akainua mkono wa kulia. Ncha za vidole zilikuwa na makovu madogo yanayong'aa, mengine ya zamani, mengine ya juzi juzi.

"Maji ya moto," alisema daktari.

Habibah alijua. Wanaosuka rasta huchovya ncha za nywele kwenye maji yanayochemka ili zisifumuke. Mteja huambiwa asitikisike. Anayeungua ni msusi.

"Odoch, mchuuzi anayetembea toka Kisugu mpaka Old Kampala kila siku, miguu yake inakuwaje?"

"Kama yangu, afande. Kama ya ng'ombe."

"Chukua alama za vidole vya huyu. Peleka ofisi ya wakimbizi, walinganishe."

"Watachukua siku mbili, tatu."

"Basi la Nairobi ni kesho," alisema Habibah. "Siku mbili hatuna. Nani aliyemjazia Estelle fomu ya bahati nasibu?"

* * *

Aliitwa Josias. Alikuwa na kibanda Kabalagala, kati ya baa mbili, chenye kompyuta mbili, kamera moja na shuka jeupe lililotundikwa ukutani kwa misumari. Alipoona sare ya Odoch, alisimama ghafla.

"Fungua picha iliyotumwa na fomu ya Estelle," alisema Habibah.

"Afande, ni siri ya mteja."

Odoch aliweka mkono mmoja begani kwake. Mkono ule ulikuwa mzito. Picha ikafunguka.

"Huyu ni Estelle?"

Josias alitazama nje, upande wa baa.

"Kijana, nimetoka kumtazama mwanamke aliyepondwa uso kwa mchi. Nakuuliza tena. Huyu ni Estelle?"

"Hapana. Ni Séraphine."

Alianza kusema, na alipoanza hakuweza kusimama. Ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma fomu, mwaka juzi. Estelle alikuwa kitandani na malaria, hata kusimama hawezi. Séraphine alikuja na karatasi za mdogo wake, akalia pale mlangoni.

"Wanafanana kama sahani mbili, afande. Nikamwambia, basi kaa wewe kwenye shuka. Nani angejua? Watu milioni na milioni wanaomba, mimi sijawahi kuona anayeshinda! Tunajaza tu, kama watu wanavyocheza kadi."

"Akashinda."

"Akashinda. Jina la Estelle. Mwezi uliopita wakaja wote wawili nitayarishe karatasi. Hapo ndipo nikawaambia ukweli. Kule wana mashine, inalinganisha sura na ile picha ya kwanza. Akienda Estelle, watamrudisha."

"Séraphine alisema nini?"

"Alisema, basi niende mimi kwa jina lake. Sura ni yangu."

"Na Estelle?"

"Alicheka, afande. Alicheka mpaka akatoka nje akicheka."

* * *

Saa tisa alasiri, kituoni, yule mwanamke aliketishwa kwenye chumba cha mahojiano. Bahasha bado ilikuwa mikononi mwake.

"Odoch, toka," alisema Habibah. "Funga mlango."

Walipobaki wawili, inspekta alivua ushungi wake. Nywele zake zilikuwa zimefumuliwa, zimesimama. Aliweka chanuo mezani, akageuza kiti, akampa yule mwanamke mgongo.

"Nisuke."

"Afande?"

"Mistari mitatu tu. Ile myembamba. Wewe si fundi wa Kabalagala? Nimechoka, nina harusi Bombo Jumamosi."

Mwanamke hakusogea. Halafu vidole viligusa kichwa cha Habibah, baridi kama mjusi. Vikagawa nywele, vikakosea, vikagawa tena. Vilivuta sana, vikalegea. Habibah alihesabu dakika kwenye saa ya ukutani. Zilipita ishirini na mbili.

"Tayari?"

"Tayari, afande. Leo mikono haina nguvu. Ni msiba."

"Mama Huguette!" aliita Habibah. "Karibu ndani."

Mlango ulifunguka. Akaingia mama mnene wa Kikongo, mwenye pete nne na sauti ya soko. Hakumtazama yule mwanamke. Alitazama kichwa cha inspekta.

"Yesu! Nani amekufanya hivi? Panya?"

"Estelle wako."

"Estelle?" Huguette alisogea, akagusa mstari wa kwanza, nao ukafumuka wenyewe. "Estelle akiwa na homa, akiwa amesinzia, akiwa na mkono mmoja, hawezi kusuka kitu hiki. Yeye anasuka kichwa kizima, unalala, unaamka, ume..."

Hapo ndipo aliponyanyua macho. Aliona miguu kwanza, visigino vilivyopasuka kama udongo wa kiangazi. Kisha akauvuta ule ushungi wa kitenge kwa nguvu.

"Séraphine," alisema. Pete zake zilianza kugongana. "Séraphine, mdogo wako yuko wapi?"

Huguette aliketi chini, pale pale sakafuni, akaanza kulia kwa sauti ambayo Odoch aliisikia mpaka uani.

Huguette alipokwisha kutolewa, Habibah alivaa ushungi wake tena. Alinyoosha mkono. Safari hii bahasha iliachiwa.

Ndani mlikuwa na barua ya mahojiano, cheti cha kuzaliwa, na paspoti mpya ya Kongo. Jina, Estelle. Picha, Séraphine. Ukurasa wenye picha ulikuwa umechanika kidogo pembeni.

"Nani alichana hapa?"

"Yeye."

"Lini?"

"Jana. Baada ya ibada ya asubuhi."

"Eleza."

Séraphine alieleza akitazama meza. Sauti yake haikupanda.

"Nilichukua cheti chake, nikaomba paspoti kwa jina lake. Yeye hakujua. Nilimtafutia chumba kipya, mahali watu hawatujui. Nilitaka nimwambie siku ya safari, nimpigie magoti. Jana alitafuta kanga yake, akaikuta paspoti. Akacheka tena."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia, mdogo wangu, wewe huwezi kwenda, mashine itakukataa. Bahati itapotea kwetu sote. Niazime jina. Wewe ubaki na langu, uombe tena mwakani. Wewe bado kijana, una kazi, una mikono. Mimi nina nini? Nilimbeba mgongoni toka Uvira, afande. Mimi nina miaka sita, yeye minne. Maiti barabarani, nikamfunika macho. Miaka hii yote nimetembea juani ili yeye ajifunze kusuka."

"Akajibu nini?"

"Alisema, 'Yaya, jina langu si kitenge useme nikuazime uvae.' Akasema bora hiyo bahati ife. Bora tukose wote. Akaishika paspoti aichane. Mimi nilikuwa natwanga sombe. Mchi ulikuwa mkononi."

"Alikuwa amekupa mgongo."

"Ndiyo."

"Hilo ni pigo moja. Bado kumi."

Séraphine alifunga macho. "Alianguka. Nikamgeuza. Nikaona... tunafanana. Nikajua nikimwacha hivyo, watu watasema ni Estelle. Ilibidi awe mimi. Nikamvalisha kitenge changu, nikafunga kadi yangu kwenye pindo. Halafu nikaanza. Kila nikipiga naona ni uso wangu. Nilitapika kwenye beseni, nikarudi nikapiga tena. Jioni nikaoga, nikaenda kwenye mkesha. Niliimba."

Odoch, aliyekuwa ameingia kuandika maelezo, aliacha kalamu.

"Andika," alisema Habibah. "'Niliimba.' Andika kama alivyosema."

Kalamu ikaendelea.

Séraphine alikuwa ameanza kulia sasa, bila sauti, machozi tu. "Mungu alinitazama mimi, afande. Kwenye watu wote wale duniani, ule uso uliochaguliwa ni wangu. Hata mara moja maishani sijawahi kuchaguliwa."

"Mashine ya bahati nasibu haikuuona uso wako," alisema Habibah polepole. "Iliokota namba. Ingeweza kuwa namba yoyote."

Mwanamke aliinua kichwa, akamtazama kama mtu aliyepigwa kofi.

Nje ya chumba, mzee wa kanisa la Kisugu alikuwa akingoja kwenye benchi, kofia mkononi. Waumini walikuwa wamechanga mbao, na fundi alikwisha kutengeneza msalaba. Alitaka kujua tu lini watapewa mwili wakazike. Habibah aliuona msalaba umeegemezwa ukutani, rangi nyeupe bado mbichi. Juu yake waliandika SÉRAPHINE, kwa herufi kubwa za upendo.

Kupitia mlango uliokuwa wazi, Séraphine naye aliuona.

"Afande," aliita. "Acheni hivyo hivyo. Mzikeni na hilo. Mimi sasa jina la nini?"

Habibah hakugeuka. Alitoa kitambaa mfukoni, akapiga goti mbele ya ule msalaba, akaanza kufuta herufi ya kwanza kabla rangi haijakauka.

"Mzee," alisema, "mwiteni fundi. Huyu binti mnayemzika ana jina lake."