Maziwa ya Saa Kumi

Kila siku akitoka shule, Kitinda alivua sare, akanawa mikono kwa sabuni, kisha akampokea mama yake mtoto ili mama akafue nguo. Kwa miaka kumi na mmoja yeye ndiye aliyekuwa kitinda mimba wa nyumba ile. Sasa jina lilibaki, nafasi ilikuwa imechukuliwa.

Mdogo wake alizaliwa na taya dogo mno, hali inayowapata watoto wachache sana. Akilala chali, ulimi ulirudi nyuma ukamziba koo. Ilibidi alazwe kifudifudi huku akiangaliwa, na chupa moja ya maziwa ilimchukua karibu saa nzima.

Wageni walimpita Kitinda mlangoni, wakaenda moja kwa moja kwa mtoto. Siku aliyoongoza darasa katika hisabati, mama alisema tu, "Vizuri," bila kuinua macho kutoka kwenye chupa. Wivu ukamkaba. Tangu siku ile, maziwa ya saa kumi alimpa mtoto nusu tu, yaliyobaki akayamwaga, halafu akaandika kwenye daftari ambalo muuguzi wa kliniki, aliyekuwa akija kumwangalia mtoto, aliwaachia la kuandikia maziwa yake: amemaliza.

Baada ya wiki mbili, mizani ya kliniki ilionyesha kwamba mtoto amepungua. Muuguzi alilipekua daftari, akashangaa. Alisema kama maziwa yote yanaingia na bado uzito unashuka, itabidi mtoto alazwe wodini, apitishiwe mpira wa kumlishia puani. Mama alikaa kwenye benchi akalia kimyakimya.

Kitinda alishindwa kuvumilia. "Hakuwa anamaliza," alisema. "Nilikuwa namwaga. Nilitaka mama aniangalie na mimi."

Mama aliinua macho, akamtazama. Muuguzi akavuta kiti karibu na Kitinda.

"Ungenyamaza, tungemtibu ugonjwa asio nao," alisema. "Umekosa, tena sana. Lakini na mimi nimekosa. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto wa namna hii hauguzwi peke yake, anauguzwa pamoja na familia yake. Nimekuja kwenu mara sita, wewe sijakuuliza hali hata siku moja."

Wakapanga upya. Baba, fundi viatu, akawa anafunga kibanda mapema ili amnyweshe mtoto saa kumi, na saa hiyo mama alikaa na Kitinda na madaftari yake. Mwezi uliofuata uzito ulipanda.

Muuguzi alimwita Kitinda pembeni. "Binti yangu, wivu humpata kila mtu," alimwambia. "Ukikushika, mwambie mama mapema, kabla hujamuumiza asiye na kosa."