Karatasi ya Kumi na Moja

"Kilo tatu tu, Sitina. Kilo tatu za samaki mkavu ndizo zitakazoiangusha ndege?"

"Bweni Zaharia, nimeshasema sanduku limejaa. Mizani hiyo hapo inaning'inia, isome mwenyewe."

"Macho yangu mabovu, masikio mazima. Asubuhi nimekusikia ukiwaambia watu nafasi bado ipo."

"Ipo ya waliojiandikisha."

"Nijiandikishe? Kwani hapa ni kwa daktari wa meno?"

Ua mzima ukacheka. Jumamosi hiyo hakuna aliyekuwa na shughuli nyingine mtaani kwetu Magudju. Soilihi, fundi wa friji, mume wa Sitina, alikuwa anaondoka Moroni kwenda Marseille kwa wiki tatu, na mtu akienda Marseille anaubeba mtaa mgongoni. Huyu ana kisamvu cha kugandisha cha binti yake, yule ana pilipili ya kusaga ya kaka yake. Tulijaa uani na mafurushi yetu kama tuko foleni ya maji.

Na Sitina hakuwa mtu wa mchezo. Chumba cha mbele cha nyumba yake kina mashine ya fotokopi, na faili za viza za nusu ya mtaa zimepita mikononi mwake. Kila karatasi nakala mbili, kila nakala na namba yake. Tangu mwaka jana, jirani mmoja aliposhikiliwa uwanja wa ndege kutwa nzima kwa sababu ya mkia wa papa aliofungiwa na mtu bila kuambiwa, Sitina aliweka sheria: kila furushi linafunguliwa mbele ya watu, linapimwa, linafungwa kwa utepe, linaandikwa jina na simu ya mpokeaji. Hata imamu alifunguliwa lake.

Bweni Zaharia, na bweni kwetu ni bibi wa heshima, hakuondoka. Aliliweka furushi lake chini, akashika kiuno.

"Na lile la kaki pale, lenye kamba ya katani. Lina kilo ngapi?"

"Nne."

"La nani?"

"La mama mkwe wangu."

"Limefunguliwa?"

Sote tukamtazama Bweni Moinaesha, mama yake Soilihi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango kama mtu aliyekuja kupigwa picha.

"Mzigo wa mama haufunguliwi uani," alisema. "Mimi ndiye niliyemzaa anayeubeba."

"Na mimi ndiye niliyemzaa atakayempokea kwa gari kule," Zaharia akajibu. "Mwanangu Toiwili. Anauliza mzigo huo ni wa nini."

"Ni wa shangazi Anfiati," Sitina akaingilia, amechoka. "Bweni Zaharia, tafadhali. Shangazi ana miaka sabini na minane, ndiye mwenyeji wake, ndiye aliyemlea. Soilihi anakwenda kumsalimu na kununua mashine za friji. Mtaa mzima unajua."

"Mtaa mzima unajua," Zaharia alirudia polepole. "Na mumeo yuko wapi sasa hivi?"

"Kwa kinyozi."

"Tangu saa mbili. Shangazi wa miaka sabini na minane anapenda sana ndevu zilizochongwa."

Sitina aliweka kalamu chini, akamgeukia Zaharia. Wale wawili walikuwa wamegombana juu ya kuku, maji ya mvua na redio, miaka saba bila likizo. Lakini huu haukuwa ugomvi wa kuku.

"Unataka kusema nini?"

"Sitaki kusema kitu. Nataka kilo tatu. Sheria yako ikimgusa kila mtu, mimi na samaki wangu tutarudi nyumbani kimya."

Sitina alichukua mkasi.

"Sitina," mama mkwe akasema, "heshima ni kitu."

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana sikuufungua jana."

Kamba ikakatika. Juu kulikuwa na shiromani jipya jekundu, la mwanamke kujitanda, bado lina mikunjo ya dukani. Chini yake mkebe wa liwa ya kupaka uso. Mpaka hapo mtu angeweza kusema, ah, bibi kizee naye anajipenda. Halafu Sitina akatoa joho.

Joho jeusi la darizi ya dhahabu, la marehemu baba yake Soilihi. Hapakuwa na mtu uani asiyelijua. Soilihi alipomwoa Sitina, ilikuwa ndoa ndogo, ya fatiha na sahani za wali, na mama huyuhuyu alikataa kulitoa. Alisema joho linasubiri ndoa kubwa, ile ya kijiji kizima, ya ngoma na ng'ombe, itakayomfanya mwanawe ahesabiwe mtu mzima. Soilihi akaahidi: tukijaliwa, ndoa kubwa nitaifunga na wewe, Sitina, na si mwingine.

Ndani ya joho kulikuwa na kofia.

Sitina hakuhitaji kuigeuza. Aliishona mwenyewe, tundu kwa tundu, miezi tisa, kwa ajili ya siku ya ndoa kubwa hiyo. Soilihi alikuwa amemwambia kofia iko kwa mama, mbali na mende.

"Mama," aliuliza, sauti yake haijapanda hata kidogo, "shangazi Anfiati anavaa joho?"

"Mwanamume ana haki ya wake wanne."

"Haki anayo. Ila mwenye haki hajifichi ndani ya furushi."

Akakaa kwenye ngazi, akatoa simu. Namba ya shangazi aliijua kwa kichwa. Aliijaza yeye mwenyewe kwenye fomu ya viza. Karatasi kumi za faili lile alizipanga kwa mkono wake, isipokuwa moja: nakala ya kitambulisho cha mwenyeji. Ile ililetwa na Soilihi ndani ya bahasha iliyofungwa. Shangazi hataki picha yake izagae, alisema. Mwanamke anayefungua mafurushi ya mtaa mzima alikuwa ameacha bahasha moja na furushi moja bila kufungua. Vyote viwili kwa heshima.

Aliandika, nasi nyuma yake tukasoma:

"Shangazi, shikamoo. Joho limeshafungwa. Tuweke na kitu gani kingine?"

Jibu halikuchelewa.

"Shangazi ni nani? Mimi nina miaka thelathini na miwili. Wewe ni dada yake?"

"Mimi ni mkewe."

Vile vidoti vya mtu anayeandika vikacheza, vikazima, vikacheza tena.

"Soilihi ameniambia mliachana kabla ya Ramadhani. Ukumbi nimeshakodi, ndoa ni Jumamosi ijayo. Kama mmeachana nataka kuiona karatasi. Kama hamkuachana, niambie sasa hivi."

Kabla Sitina hajaandika jibu, mlango wa ua ulifunguka, Soilihi akaingia ananukia, shavu linang'aa.

"Mbona kimya hivi? Nani kafa?"

"Njoo ukae," Sitina akasema. "Tunamalizia faili."

Akaliona joho juu ya mkeka. Akamtazama mama yake, mama akatazama miguu yake.

"Sitina, twende ndani tuzungumze."

"Ndani kuna fotokopi tu. Zungumza hapahapa."

"Si vile unavyofikiri. Ni ndoa ya karatasi. Yule ana uraia, mimi napata kibali, baada ya miaka miwili mitatu nakuja kukuchukua."

"Joho nalo ni la karatasi?"

Soilihi akajishika ndevu zilizochongwa.

"Na kofia?"

"Mama ndiye aliyefunga..."

"Usimpe mama yako mzigo wako, ana mafurushi ya kutosha." Sitina alilivuta faili la bluu, akalifungua magotini. "Soilihi, nikukumbushe. Alikuja mtu na gari la kukodi na miwani ya jua, akanitaka kwa wazazi wangu. Mtu wa Marseille. Nikamwambia sina haja, nina fundi wangu wa friji. Ulikuwa huna hata bisibisi ya kwako."

"Najua."

"Hujui. Karatasi ya nane ni ipi?"

"Sitina, ndege..."

"Ya nane ni ipi?"

"Cheti cha ndoa."

"Nilikiweka mimi. Ili watu wa viza waamini utarudi. Wakauliza, kwa nini huyu arudi? Mimi nikajibu kwa cheti: kwa sababu ana mke. Na wewe kule unamwambia Anfiati huna."

Soilihi akapiga goti. Mbele yetu sote, na suruali yake mpya. "Nisamehe. Nikifika nitakupigia kila siku. Usinivunjie safari. Nimeisubiri maisha yangu yote."

Hapo ndipo sisi tulipotega masikio, maana faili lilikuwa mkononi mwa Sitina, pasipoti juu, na jiko la mkaa linawaka hatua tatu. Nakiri, wako waliotaka lichomwe. Mimi mmoja wao.

Sitina akatikisa kichwa.

"Sikuvunjii. Sandukuni kuna kisamvu cha binti yake Mariyamu na pilipili ya kaka yake Mze. Watu wanavisubiri. Nimepanga safari hii miezi minne, itakwenda kama ilivyopangwa." Akachomoa karatasi nyeupe na kalamu. "Ila imepungua karatasi moja."

"Ipi?"

"Ya kumi na moja. Andika talaka yangu."

"Sitina."

"Nawajua wanawake wa mji huu. Mume Marseille mwaka wa tisa, hajaacha, harudi, simu haishiki, na mwanamke hawezi kuolewa wala kulia kama mjane. Mimi sitaning'inia kama hiyo mizani. Andika. Mashahidi wapo, wamejaa ua. Ukimaliza, faili hili hapa."

"Mke wangu, nakupenda."

"Basi andika vizuri, mwandiko usomeke."

Soilihi alitazama saa. Alitazama faili. Ninyi wanawake mnaosoma, nataka mjue alichofanya, maana mimi niliona kwa macho yangu: hakufikiri hata muda wa kumenya kitunguu. Alichukua kalamu.

Sitina alimwinamia, anasoma kila neno kama alivyozoea kusoma fomu za watu. "Tarehe hujaweka," alisema. Akaweka. Imamu akatia sahihi, na Mze, yule wa pilipili, akatia sahihi. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza wiki nzima, umeme ulikuwa haujakatika. Tukasikia mashine ikinguruma chumba cha mbele. Akatoka na nakala mbili.

"Halisi inabaki kwangu, Jumatatu iko kwa kadhi. Nakala moja ya faili. Nyingine mpe Anfiati, ameiomba." Akachomoa cheti cha ndoa. "Ya nane inabaki. Haikuhusu tena."

Halafu akarudi kwenye sanduku, maana kazi haijaisha. Joho na shiromani akavirudisha ndani ya kaki, akamwekea mama mkwe mapajani. Sandukuni akaweka furushi la Bweni Zaharia, akaning'iniza mizani. Kilo ishirini na mbili; kikomo ni ishirini na tatu. Akafunga zipu.

Kofia ilibaki mkononi mwake.

"Nyumba hii ni ya mama yangu, na kabla yake ya bibi yangu," alimwambia Soilihi. "Uliingia na sanduku, unatoka na sanduku. Tena jipya. Haki yako hiyo, nenda."

Teksi ikaja. Soilihi aliburuta sanduku akapanda peke yake, mama yake akashika njia ya kwao kwa miguu na furushi lake la kaki, na hakuna aliyemmwagia msafiri maji ya baraka njiani. Wenye mafurushi walimkumbusha tu wapokeaji wao, kwa sauti za ofisini.

Ua ukapungua. Walioona haya waliondoka, wenye umbea tukabaki. Bweni Zaharia alikuwa amesimama palepale, hana tena cha kugombania.

"Tangu lini unajua?" Sitina akamuuliza.

"Wiki ya pili leo. Toiwili ndiye aliyeombwa kupamba gari la harusi."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia ungesema Zaharia ana kijicho, anataka kuvunja nyumba yangu. Mimi na wewe tuna lugha gani zaidi ya ugomvi? Nikasema, basi nitagombana naye mpaka afungue."

Sitina akaikunjua kofia, akaikunja. Simu ikatoa mlio. Ilikuwa namba ileile.

"Dada, sikujua. Naapa kwa Mungu. Wakati nangoja jibu lako, mama yake amenipigia analia, amesema yote. Barua ya mwenyeji naifuta leo hii, na ukumbi nimeshawarudishia. Mwambie asije kwangu, sitakuwepo. Simu yake naona ameizima."

Wakati huo teksi ilikuwa imeshaukaribia uwanja wa ndege wa Hahaya. Mmoja wetu akasema, "Bila barua ya mwenyeji watamzuia kule. Mpigie dereva, namba ninayo, bado anaweza kurudi." Sitina aliisoma tena ile meseji mpaka mwisho, kama mtu anayekagua fomu ya mteja.

"Mwenye safari zake hana mke wa kumpigia," alisema, akaingia ndani, akailaza simu kifudifudi juu ya mashine ya fotokopi.

Jikoni sufuria ilikuwa bado imefunikwa, makaa juu ya mfuniko. Wali wa nazi na samaki wa kupaka, alioamka alfajiri kuupika kwa ajili ya kumuaga mtu. Alifunua, mvuke ukampiga usoni, akaufuta kwa kiganja, na hatukujua anafuta mvuke tu au na kitu kingine.

Akatandika mkeka. Akaweka sinia katikati. Akageuka mlangoni.

"Bweni Zaharia, umesimama tangu asubuhi. Vua viatu, ingia ule."