Nyufa za Mtumbwi wa Cyprien

Rafiki yangu Cyprien alinunua mtumbwi mkuukuu wa kuvulia sambaza, vile visamaki vya ziwani, kule Kyeshero, akitaka kuufunga mota. Siku tatu aliziba nyufa, na siku tatu maji yaliingia. Hasira zikampanda. Akaupindua juu ya mawe ya volkano, akajipenyeza chini yake, gizani, ili aonyeshe mwanga unapoingia, na fundi Mirindi azibe kwa nje.

"Papa Mirindi, huku! Na huku! Unalala ama?"

Nyundo ikaanza kugonga taratibu, karibu kabisa na sikio lake. Ko. Ko. Ko. Mstari mmoja wa mwanga ukazimika, wa pili ukafuata, kisha yote, hata ile ambayo hakuitaja.

"Leo ndiyo umeamka!" akafoka, akatoka akijifuta jasho.

Mirindi ndiyo kwanza alikuwa anashuka kwenye pikipiki, pamba ya kuzibia nyufa mkononi. "Pamba iliisha, nikakimbia sokoni Birere. Nilikuambia, haukusikia?"

Cyprien akauzunguka mtumbwi. Kwa nje, nyufa zilikuwa wazi, hazijaguswa. Akainama, akawasha tochi ya simu. Kwa ndani, kila ufa ulikuwa umeshindiliwa pamba, lami bado mbichi, na kwenye lami alama za vidole gumba.