Dada wa Kitini

Mwanamke aliyekaa kitini hakucheka. Hilo alikuwa na hakika nalo, kwa sababu kazi yake yote katika chumba kile ilikuwa kutocheka.

Mumewe alilinganisha kamera za simu. Watu waliotaka kununua simu waliingia kwenye chaneli yake kuuliza ipi inaona vizuri gizani na ipi inaharibu rangi ya ngozi. Naye alifunga simu mbili kwenye stendi za chuma za miguu mitatu, moja kando ya nyingine, akapiga picha ya kitu kilekile kwa mwanga uleule, kisha akasema ipi imeshinda. Watazamaji walimwita Bwana Hukumu. Kitu alichokipiga picha kilikuwa mkewe, kwenye kiti cha mbao, nyuma yake pana kitambaa cha kufuma na kopo la penseli za rangi. Kitambaa kilipima uwezo wa kuonyesha nyuzi, penseli zilipima rangi, yeye alipima ngozi, maana ngozi ya mtu ndiyo inayoziumbua kamera. Yeye walimpa jina la Dada wa Kitini. Na msidhani ni mchezo kukaa hivyo bila kutikisika huku pua inawasha.

Siku hiyo walikuwa wamefanya jaribio la giza. Lilifanywa mchana kweupe, dirisha limezibwa kwa blanketi zito. Upande mmoja walikuwa na Kuukuu, simu nzito ya zamani waliyoitumia kuzipima nyingine zote. Kuukuu ilikuwa na sensa kubwa, yaani kile kijicho cha ndani kinachopokea mwanga, lakini programu yake ilikuwa goigoi, na ilipopiga picha ilitoa mlio wa "kwacha!" uliosikika hadi kwa majirani na usiozimika hata ufanyeje. Upande wa pili ilikuwepo simu mpya. Hiyo ilifika ndani ya boksi jeusi lisilo na jina, na mume alisema ni ya majaribio, wenyewe watajitambulisha baadaye.

"Njoo uone maajabu," alimwambia.

Katika picha ya Kuukuu alikuwa amefumba mdomo, chembechembe zimemjaa usoni, kovu lake la kidevuni linaonekana. Katika picha ya simu mpya alikuwa safi, anang'aa, hana kovu. Na alikuwa anacheka.

"Mbona nimecheka?"

"Labda ulicheka kidogo."

"Sikucheka, mume wangu."

"Sasa sikiliza." Alipenda kueleza, ndiyo sababu alikuwa na watazamaji. "Hii ina sensa ndogo kama punje. Haioni kitu. Kwa hiyo programu inapiga picha nyingi kwa mkupuo, inachagua, inaunga, na panapokosekana kitu inajaza."

"Inajaza na nini?"

"Inakisia."

"Inakisia kutoka wapi?"

Alimbusu utosini. "Wewe kaa kitini. Mambo ya programu niachie mimi."

Basi akamwachia. Lakini kuhusu kovu aliona uchungu kidogo, kwa sababu lile lilikuwa kovu la nyumbani. Walipokuwa wanaanza, wakiishi kwa kuazima simu za watu, taa ya kupigia picha ilianguka ikiwa ya moto, naye akaikinga kwa mkono na kidevu isiiangukie simu ya kuazima. Mume alilia siku ile kuliko yeye. Alisema kovu hilo atalijua hata akifungwa macho.

Watazamaji waliichangamkia simu mpya si kawaida. Walimsifu Dada wa Kitini, wakauliza anajipaka nini, wakaomba aonekane zaidi. Mume alivimba kichwa. Akaanza kuichukua simu ile kila mahali, hata mezani, akimpiga mkewe picha anapokula, anapochana nywele, anapolala mchana. Ilipopiga ilitoa mlio mwembamba, kama mtu anayesonya taratibu. Ikawa hata ikiachwa peke yake kwenye kile chumba chenye blanketi, mlango umefungwa, mwanamke alisikia msonyo huo akiwa jikoni. Alipokwenda kuangalia alikuta kiti kimesogea, na hewani pana harufu ya waya unaoungua, iliyochanganyika na marashi ambayo hakuna mtu aliyeyanunua.

"Ni joto la betri," mume alisema.

"Na marashi?"

Mume aliigeuza simu, akaanza kuifuta kioo.

Kisha simu yake mwenyewe mwanamke ikamkataa. Aliiinua kuifungua kwa uso kama alivyozoea, ikaandika kwamba uso haujatambuliwa. Akaifuta kioo, akasogea dirishani, akajaribu tena. Uso haujatambuliwa. Akaona labda imeharibika, akaipeleka mbele ya picha yake kubwa iliyokuwa ikihaririwa kwenye kompyuta ya mumewe, ile ya kucheka. Ikafunguka mara moja. Akakaa chini sakafuni.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa bingwa wa utani. Hakuwahi kuingia nyumba ile bila kumchokoza. Siku moja aliingia uani, akamkuta mwenzake anaanika nguo, akamsalimia kwa adabu kubwa: "Hujambo, dada? Samahani, wifi yangu nimemkuta?"

"Ingia ndani bwana, acha vituko vyako."

Aliposikia sauti ile, wifi aliangusha mkoba. Akasogea, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamtazama kama anayesoma maandishi yaliyofifia.

"Wifi," alinong'ona, "uso wako umefanya nini?"

"Umefanyaje?"

"Sijui nisemeje. Nikikutazama nakuona. Nikipepesa macho, nimesahau." Alimgusa kidevu. "Hapa pa kovu tu ndipo ninapokushika. Mwambie kaka."

"Nimemwambia. Anasema nimechoka."

"Basi mwambie tena. Mimi namtafuta mtu wa kututazamia."

Wifi alipoondoka, mwanamke aliichukua Kuukuu, akatoka nayo juani, akajipiga picha. Kwacha! Kamba ya nguo ilitoka vizuri, ukuta ulitoka vizuri, hata vibanio vilihesabika kimoja kimoja. Yeye peke yake, katikati ya jua lile kali, alikuwa amejaa chembechembe kama mtu aliyepigwa picha shimoni.

Akaingia ndani mbio kumtafuta mumewe, na alipofika kwenye mlango wa chumba cha blanketi akamsikia anazungumza kwa sauti ya chini, ile sauti laini aliyoitumia zamani wakati wa uchumba na ambayo mkewe alidhani imekwisha yenyewe kwa sababu ya kazi na miaka, akamsikia akisema geuka kidogo, hapo hapo, inua kidevu, na mwanamke akaweka jicho kwenye ufa wa mlango, akamwona mumewe amepiga magoti na simu mpya mkononi, na mbele yake kitini amekaa mtu, mtu aliyevaa gauni lake yeye, gauni alilolitafuta kabatini asubuhi asilione, mikono imepakatwa kama anavyopakata yeye, shingo imenyooka kama anavyoinyoosha yeye, na mtu yule, bila kugeuza mwili, akaugeuza uso peke yake kuelekea mlangoni, na uso ulikuwa wake, msafi, hauna kovu, ukicheka.

"Usicheke," mume alisema kwa mahaba. Kisha: "Haya basi, cheka."

Hakumbuki alivyoufungua mlango. Alipoingia kiti kilikuwa kitupu, kinatikisika, na marashi yalimkaba koo.

"Ulijua," alimwambia mumewe.

"Mke wangu..."

"Tangu lini?"

Mume alitazama sakafu. "Siku ya kwanza iliniuliza kama imboreshe aliyepo kitini. Nikabonyeza kubali. Kila mtu anabonyeza kubali, nani anasoma? Ikauliza tena baadaye. Ikaniambia kinachoongezwa kule kinatoka hapa."

"Ukabonyeza nini?"

"Walikupenda sana wale watu," alisema. "Walikupenda hata mimi nikaanza kukuona."

Neno hilo lilimchoma mwanamke kuliko ile taa ya moto. Yeye alikuwa mbele yake miaka yote. Lakini mume alilia, akamshika miguu, akaapa kwamba ataitupa simu ile, atafanya lolote, wao ni wawili na haitawatenganisha kamera. Mtu mwingine angefungasha nguo zake saa ileile. Yeye alimpenda, akamwamini.

Wifi alimleta mganga. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, asiyependa maneno mengi. Alinusa kile chumba tangu mlangoni, akakunja uso.

"Ni jini asiye na sura," alisema. "Hukaa pale panapokosekana kitu. Wala hachukui kwa nguvu, hupewa. Huo msonyo mnaousikia ndiyo sauti pekee aliyonayo, sauti ya mlango alioingilia. Aliyempa ndiye atakayemnyang'anya."

"Nifanye nini?" mume aliuliza.

"Kazi yako ya kila siku." Mganga aliwasha ubani kidogo, akaamuru dirisha lizibwe na simu zote mbili zifungwe mahali pake, kila moja ikiwa na picha ya mwanamke kwenye kioo. "Utaitazama hii na hii. Utagusa moja, useme huyu ndiye mke wangu. Utakayemtaja atabaki nyumbani. Usiyemtaja atafungiwa ndani ya simu yake. Hakuna mara ya pili, umenielewa?"

"Mama, nani asiyemjua mke wake?"

"Umenielewa?"

"Nimeelewa. Naapa nitamtaja mke wangu."

Wifi alitolewa nje. Mwanamke alisimama nyuma ya mumewe, karibu mno hata aliona nywele za shingo yake. Hakuwa na hofu tena, na baadaye hilo ndilo lililomtia uchungu zaidi: kwamba alisimama pale akiwa na amani, akiwaza watakula nini jioni. Akamwekea mumewe mkono begani.

Mume aliinama. Akaitazama picha ya Kuukuu, chembechembe tupu, na katikati yake kidevu chenye kovu. Akaikuza kwa vidole viwili. Akahamia kwenye simu mpya, akaikuza nayo, ngozi, kope, ule ung'aavu wa midomo. Alirudi kwenye kovu, akalikuza hadi likajaza kioo, na mkewe akamwona ametambua, akamwona ameikumbuka ile taa na kile kilio, kwa sababu bega lake lilitetemeka chini ya mkono wake.

Kisha akalitoa bega, taratibu, kama mtu anayekwepa mzigo.

"Huyu," alisema, na kidole kikagusa simu mpya. "Huyu ndiye mke wangu."

"Una hakika?" Sauti ya mganga ilikuwa imekauka.

"Nina hakika."

"Na yule mwingine?"

Mume alijibu kwa sauti ya kwenye chaneli, ile ya kutolea hukumu. "Ameshapitwa na wakati."

Mwanamke alitaka kumwita jina lake la chumbani ambalo hakuna mwingine aliyelijua, akakuta hana mdomo wa kuliitia. Mkono wake begani pa mume haukuwa mkono tena, ulikuwa vumbivumbi la mwanga. Aliona kiza, kisha aliona mahali padogo pa mviringo, na ndani yake chumba kizima: kiti, kitambaa, kopo la penseli. Alikuwa anatazama kupitia jicho la Kuukuu.

Alimwona mganga akikusanya vitu vyake na kutoka mbio bila kuaga, kiatu kimoja bado mkononi. Alimsikia wifi akilia uani. Alimwona mtu mwenye gauni lake akitoka pembeni mwa blanketi, akifutwa machozi na mumewe, akikumbatiwa, akisifiwa. Alisalitiwa mbele ya macho yake, na hata kope za kufumba hakuwa nazo.

Kisha yule wa pili akaichukua simu mpya kutoka kwenye miguu yake ya chuma.

"Sasa zamu yako, mume wangu," alisema. Sauti haikuzoea maneno, ilisonya katikati. "Kaa nikupige na wewe."

"Mimi?" Mume alicheka kidogo. "Mimi huwa napiga."

"Kaa. Usicheke."

Akakaa. Alinyoosha shingo, akapakata mikono, akatulia. Kutoka pale alipokuwa, mkewe aliweza kukiona kioo cha simu ile mpya, na ndani ya kioo aliuona uso wa mumewe, safi, unang'aa, ukianza kucheka, ilhali pale kitini midomo ya mwenyewe ilikuwa imefumbwa.

Alikumbuka maneno ya mganga juu ya sauti na mlango. Akajipapasa gizani, akaikuta yake: kwacha. Ilikuwepo, imejaa, inasubiri. Kwacha moja tu na mume angeruka kutoka kwenye kile kiti, kwa maana sauti ile aliijua, na ndani yake angemjua yeye.

Akalikumbuka bega lililotolewa.

Na Dada wa Kitini akakaa kimya, bila kutikisika, kama alivyofundishwa.