Kipanya Mfukoni

“Panya yuko mezani. Narudia, Panya yuko mezani, kando ya chumvi.”

Sauti ya Nelvine, mwenzake aliyekuwa akipeleleza hotelini, ilitoka ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo. Redio ya Motorola ilikuwa imelazwa humo, juu yake karatasi yenye mafuta ili mpekuzi asitamani kutia mkono.

Chelangat aliuinua mkebe hadi mdomoni.

“Mwenyewe akisimama tu, niambie.”

“Sawa, madam. Ameagiza nyama ya kuchoma na viazi. Huyu atakaa.”

Akaurudisha mkebe ndani ya kiondo. Bastola, Browning ndogo, ilikuwa kiunoni chini ya sweta. Akashika mwavuli kwa mkono wa kulia, akashuka kutoka kwenye Suzuki aliyoificha katikati ya majani chai.

Mwavuli ule haukuwa wa mvua.

Panya naye hakuwa mnyama, wala hakuwa mtu. Alikuwa kipanya cha kompyuta, mali ya mgeni mmoja aitwaye Roskam, aliyepanga nyumba ya zamani ya meneja kwenye barabara ya Sosiot na kuwaambia watu kwamba anauza spea za mashine za kukaushia chai. Kila alipotoka, Roskam alichomoa kipanya kutoka kwenye Compaq yake, akaviringisha waya, akakitia mfuko wa koti. Tundu lake alilifunga kwa kifuniko cha chuma chenye kufuli. Aliamini kompyuta bila kipanya ni gari bila usukani. Kibodi aliiacha mezani. Nani aibe kibodi?

Na tusimcheke sana. Mwaka ule wa 1999, wataalamu wengi wa Nairobi waliamini hivyo hivyo.

Spea zilikuwa juu ya sanduku. Chini yake zilikuwa bunduki, na wanunuzi wake walikuwa watu waliotaka kuona majirani wa milima hii wakikatana. Roskam hakuandika barua wala kupiga simu. Alikuwa na ukurasa wake kwenye mtandao, uliofunguka kwenye Compaq ile na kompyuta moja ya Nakuru tu, kwa jina la siri na neno la siri, ambamo aliandika mahali pa kukabidhiana mzigo. Kila siku saa sita mchana mtu wake wa Nakuru aliufungua, akasoma, kisha akawapasha habari kwa redio dereva wa lori na wale wa kupokea.

Lori lilikuwa limeshaondoka Litein. Ukurasa ulisema: Londiani, msituni.

Ndani ya lori hilo, chini ya turubai, alikuwamo jasusi mwenzake, Okemwa.

Na Okemwa alikuwamo kwa sababu ya Chelangat.

Jana yake, Bogonko, mkuu wao, aliwakusanya wote chumba cha nyuma cha duka moja mjini Kericho.

“Password tuko nayo,” alisema. “Ile laini ya modem yake tulisikiliza imetusaidia. Kama tungeingia kwa hiyo page, tubadilishe place, lori ije kwa mikono yetu na wale wa kupokea wajilete wenyewe. Lakini mouse jamaa anatembea nayo. Kuna mtu anaweza kufanya hiyo kazi bila mouse?”

Kila mtu alimtazama mwenzake.

Chelangat aliweza. Mle chumbani ni yeye peke yake aliyeweza, naye aliinama akaangalia viatu vyake vya Bata.

“Basi mimi naingia kwa lori,” Okemwa akasema. “Nitawaambia kwa redio inaenda wapi.”

Angeinua kichwa wakati ule. Angesema neno moja tu. Hakusema.

Asubuhi hii redio ya Okemwa ilizungumza mara ya mwisho. “Wamesimama. Mtu anafungua turu...” Kisha mlio, kisha hakuna kitu. Barabarani kulikuwa na malori mengi yenye turubai la kijani, na hakuna aliyejua la kusimamisha ni lipi.

Ndipo Chelangat alipompigia Bogonko.

“Naingia, sir. Nitaituma Kedowa, kwa kile kiwanda cha mbao kilifungwa. Ngojeni hapo.”

“Bila mouse? Utafanya aje?”

Alikata simu. Hata wakati ule, aliona haya kueleza.

*

Mlinzi wa geti alikuwa mzee Kiptanui, mwenye koti refu na kofia ya sufu. Alimwona Chelangat, akatabasamu, akanyoosha mkono.

“Chamgei.”

“Chamgei, mzee. Mimi ni ile taipisti bwana aliitisha kutoka town. Niko na haraka kidogo.”

Mwavuli ulibaki katika mkono wa kulia. Kiondo kilibaki kwenye wa kushoto. Mkono wa mzee ulibaki hewani.

Chelangat alizaliwa kilima cha pili kutoka hapo. Hakuhitaji kufundishwa maana ya kumpita mzee na mkono wake umenyooshwa. Uso ulimwaka moto. Alipita.

Nyuma yake alisikia mzee akisema peke yake, “Hata salamu?”

Ofisi ilinuka biri na rangi mpya. Kwenye kitasa waya wake mwembamba ulitosha. Compaq ilikuwa mezani, Windows 98 imewashwa, mshale mweupe umeganda katikati ya kioo kama nzi aliyekufa. Chelangat aliketi, akauweka mwavuli chini.

Mkono wa kulia ukaanza kutetemeka.

Ulikuwa ukitetemeka hivyo tangu mlango wa lori ulipoubana kule Londiani, kwenye kazi nyingine. Mifupa iliunga, kovu likafifia, mtetemeko ukabaki. Akishika kipanya, mshale uliruka kioo kizima kama kiroboto. Jasusi mwenye mkono wa namna hiyo hupewa meza, faili na chai ya saa nne, basi akauficha. Akawa mtu wa kubeba vitu: mwavuli, thamosi, magazeti, chochote cha kuwa sababu ya kutosalimu. Watu wakasema anaringa. Mama yake mwenyewe alimwuliza siku moja kama kazi ya Nairobi imemfanya mzungu, naye akacheka badala ya kujibu. Usiku ule alilia.

Na akiwa amejifungia chumbani, alijifunza kibodi. Tovuti moja baada ya nyingine, bila kugusa kipanya, kwa mkono wa kushoto. Ilikuwa siri yake ya aibu, kama mtu mzima anayejifunza kusoma.

Sasa aliuweka mkono wa kulia chini ya paja, akaukalia.

Control na Escape. Menyu ikafunguka. Mishale ya chini na ya kulia hadi kwenye mtandao, Enter. Modemu ikapiga makelele yake yote, ikanyamaza.

Imeshika.

Ukurasa wa Roskam ulishuka polepole kutoka juu. Chelangat alibonyeza Tab. Kisanduku cha vitone kikatokea kuzunguka neno la kwanza. Tab tena, kikaruka kwenye neno la pili. Asiye na kipanya ana kisanduku hicho tu. Akikipoteza machoni, amepotea. Jina la siri. Tab. Neno la siri. Enter.

Mlango wa mgeni ukafunguka.

Tab, Tab, Tab. Picha ya mashine. Bei za spea. Anwani. Tab. Alipita fomu ya mzigo bila kuiona! Akashikilia Shift, akabonyeza Tab, kisanduku kikarudi nyuma kwa utiifu. Orodha ya mahali: Londiani.

Katika orodha kama ile, ukibonyeza herufi, inaruka kwenye jina la kwanza lenye herufi hiyo. Mahali pengine duniani ni raha. Lakini hii ni Kericho.

K. Kabianga.

K. Kaitui.

K. Kapkatet.

“Jameni,” Chelangat alinong’ona. “Babu zetu hawakuwa na herufi nyingine?”

Mkebe wa Kimbo ukapasuka kwa sauti.

“Madam! Panya anatoka! Ameacha nyama! Ameitwa kwa simu ya hoteli, na sasa anaruka kwa Range Rover!”

“Nani amempigia?”

“Weita anasema ni watchman wake. Ati kuna mama amekuja na maringo, anakataa kusalimia watu.”

Chelangat alifunga macho. Bastola haikumfichua. Suzuki haikumfichua. Alifichuliwa na salamu, na alistahili.

“Mfuate,” alisema. “Njoo na askari.”

K. Kapsoit. K. Kapsuser.

“Wewe.”

Mzee Kiptanui alikuwa mlangoni. Rungu mkononi, kofia imelowa. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati.

“Taipisti kani anafungua mlango na waya? Na wewe ni mtoto ya nani, unapita mtu mkupwa kama mti?”

Browning ilikuwa kiunoni. Hakuigusa. Aliutoa mkono wa kulia chini ya paja na kuunyoosha kwa mzee, wazi, bila mwavuli, bila kiondo. Ulitetemeka kama jani.

“Chamgei, mzee,” alisema. “Si maringo. Ni hii. Nimeona haya kuionyesha watu.”

Kiptanui aliutazama mkono. Polepole akaegemeza rungu ukutani, akaushika kwa mikono yake miwili, akautuliza kama mtu anayeshika kifaranga.

“Mising,” aliitikia salamu. “Pole, mtoto yangu. Unkesema tu.”

“Mzee, yale masanduku yalitoka hapa. Si spea. Ni bunduki. Rafiki yangu iko ndani ya lori, na saa sita ikipita hivi, atakufa.”

Mzee hakushtuka sana. Alisonya.

“Mimi nilibeba. Nikasema, hii spea kani, sito namna hii? Sasa hiyo bundugi ni ya kuua nani? Jirani yangu?”

“Jirani yako. Na wewe.”

Honi ikalia getini. Range Rover.

Kiptanui alichukua rungu lake. “Hiyo kufuli ya keti,” alisema, “mvua ikinyesha inakuwanga mbaya sana.” Akatoka, bila haraka yoyote.

K. Kedowa. Kidole kikaruka. K. Kericho!

Mshale wa juu. Kedowa.

Tab. Kitufe cha kutuma. Enter.

Kioo kikauliza: una hakika? Majibu mawili, ndiyo na hapana, na kisanduku cha vitone kimekaa juu ya hapana. Angebonyeza Enter kwa pupa, yote yangefutika. Honi ililia tena, ndefu. Roskam alikuwa akitukana kwenye mvua, na mzee akimjibu kwa upole, “Inakuja, pwana, inakuja.”

Tab moja. Kisanduku kikahamia kwenye ndiyo.

Enter.

*Imepokelewa.*

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia sita.

Alt na F4. Ukurasa ukafungika. Chelangat alifika barazani wakati Peugeot ya Nelvine ikiziba barabara nyuma ya Range Rover na askari wakimwagika kutoka milango yote. Roskam alitazama geti, kisha bunduki, kisha mwanamke kwenye baraza. Mkono wake ulikwenda kwenye mfuko wa koti, kuhakikisha kwamba kipanya kilikuwemo.

Kilikuwemo.

*

Mvua ilikuwa imepungua Kedowa. Lori lilikuwa limesimama katikati ya magogo yaliyooza, turubai limefunuliwa. Wapokeaji walikuwa wamelazwa kifudifudi kwenye maranda. Hakuna risasi iliyopigwa.

Okemwa alikuwa ameketi juu ya gogo. Watu wa lori walimkuta chini ya turubai, wakampiga, wakamfunga wakingoja kumzika msituni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa shati la mtu, na jicho moja limevimba.

Bogonko alimjia Chelangat kwa hatua ndefu.

“Nelvine amesema mouse ilikuwa na yule mtu mpaka mwisho. Sasa ulifanya aje?”

Chelangat aliegemeza mwavuli kwenye gurudumu la lori. Akanyoosha mkono wa kulia mbele ya wote. Ukatetemeka, na hakuuficha.

“Tangu ile kazi ya Londiani, sir. Mouse siwezi kushika. Nikajifunza kutumia keyboard.”

Bogonko aliutazama, kisha akamtazama usoni.

“Na jana kwa mkutano, nikiuliza, ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua.”

“Mbona ukanyamaza?”

“Niliona haya.”

Okemwa aliinua jicho lake zima.

“Kwa hivyo mimi nimevunjwa mkono juu ya haya yako?”

“Ndiyo.”

Angependa kuongeza neno, lakini neno la kuunga mfupa hakuwa nalo. Ilikuwa aibu kubwa kuliko ile aliyokuwa akiificha, na hii haikufichika kwa mwavuli.

Okemwa alitema mate yenye damu. “Dada, ungesema tu,” alisema. “Mimi nilikuwa nadhani hunipendi. Miezi yote hiyo, hata asubuhi hujawahi kunipa mkono.”

“Najua.”

“Sijakusamehe leo.”

“Sawa.”

“Lakini salimia mtu, basi.” Akanyoosha mkono wa kushoto. “Ya kulia haiko.”

Chelangat aliushika kwa ule wake unaotetemeka. Okemwa aliuhisi, akakunja uso, hakuuachia upesi.

“Kesho njoo ofisini,” Bogonko alisema nyuma yao. Sauti haikuonyesha kama ni kwa hukumu au kwa kazi. “Tutaongea juu ya huo mkono.”

“Nitakuja, sir.”

Akamsalimu na yeye pia. Akawapitia askari waliokuwa wakilinda lori, mmoja mmoja, akiwapa mkono kama mgeni aliyefika harusini. Kisha akageuka kuelekea barabarani, alipoacha Suzuki.

“Madam!” askari mmoja alipaza sauti. “Umesahau mwavuli!”

Mvua ilikuwa imeanza tena. Chelangat aliinua mkono wa kulia juu kumuaga, bila kugeuka, akaendelea kutembea.