Maneno Kumi na Matano ya Mama Mdogo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hilda alikuwa na kazi tatu: kuwawekea ng'ombe majani, kufagia uwanja, na kumkumbusha baba yake kumeza dawa. Mbili za kwanza alizizoea tangu darasa la tatu. Ya tatu ilikuja alipofika darasa la sita, baada ya baba kuanguka.

Baba yake, Sylvanus, alikuwa kiongozi wa wapanda mlima. Kwa miaka kumi na minane aliwapandisha wageni Kilimanjaro kutoka lango la Marangu, na pale kijijini watu walisema angeweza kufika kilele cha Kibo akiwa amefumba macho. Mwezi wa pili alipanda juu ya mti wa mgrevilea ili apunguze matawi yaliyokuwa yameifunika kahawa. Tawi alilokanyaga lilikatika, naye akaanguka kichwa kikitangulia. Alilazwa Moshi mjini wiki tano. Aliporudi nyumbani, nywele zilikuwa zimeanza kuota juu ya kovu, na alitembea vizuri kama zamani. Majirani waliokuja kumpa pole walimtazama juu hadi chini wakasema amepona kabisa.

Hilda alijua kwamba hajapona. Alimwona akitia chumvi kwenye bakuli lake la mtori wa ndizi, na kabla hajala vijiko viwili anatia tena. Alimsikia akimwuliza mama jambo lile lile mara tatu. Siku nyingine baba alikasirika ghafla kwa sababu ya kikombe tu, halafu akaenda kukaa peke yake migombani, akiona aibu. Watu wawili watatu walianza kunong'ona kwamba Sylvanus siku hizi anakunywa. Mama yake Hilda, Mektrida, aliendelea tu kukata ndizi zake za kupeleka sokoni.

Aliyewaeleza mambo hayo vizuri ni Tabitha, mdogo wake Mektrida. Tabitha alikuwa mwanasaikolojia. Alikuwa amefanya kazi miaka saba Dodoma, akiwasikiliza watu wenye huzuni na hofu, na sasa alikuwa amerudi masomoni kuchukua shahada ya pili. Siku za kazi alifanya mafunzo katika hospitali moja Moshi, na kila Ijumaa jioni alipanda hadi Marangu kulala kwa dada yake. Hilda alipomwuliza kwa nini mtu mzima mwenye kazi yake arudi tena darasani, Tabitha hakucheka.

"Nilijifunza kumsikiliza mtu," alisema. "Sasa najifunza jambo jingine. Ubongo ukiumia, kidonda hakionekani kwa nje. Unakiona kwa yale ambayo mtu anaweza na yale ambayo hawezi tena. Lazima ujue kuyapima, na ukishayapima ujue namna ya kumsaidia."

Mwezi wa tano, Jumamosi moja, Tabitha alimwomba Hilda awe mgonjwa wake wa mazoezi. Alimsomea maneno kumi na matano, polepole: jembe, asali, daraja, shuka, kinyozi, na mengine kumi. Hilda aliyarudia yale aliyoyakumbuka. Walifanya hivyo mara tano. Kisha wakamenya ndizi na kuongea habari za shule, na baada ya nusu saa Tabitha akamwuliza tena yale maneno. Hilda alikumbuka kumi na manne, akajisikia bingwa. Tabitha alimsihi asimwambie mtu yeyote maneno hayo, kwa kuwa yakishajulikana kipimo hakipimi kitu tena. Hilda aliahidi.

Ahadi hiyo ilikuwa nyepesi mpaka mwezi wa sita ulipoingia. Msimu wa wageni ulikuwa umefika. Bwana Shakiru, mwenye kampuni aliyofanyia kazi baba, alipiga simu kutoka Moshi akasema anamhitaji sana Sylvanus, lakini hawezi kumkabidhi wageni bila ripoti ya hospitali inayoonyesha kwamba kichwa chake kiko sawa. Hospitali ikampangia baba kipimo. Tabitha alieleza kuwa hairuhusiwi yeye kumpima shemeji yake. Atapimwa kwa kipimo kile cha maneno na mwanafunzi mwenzake, Melkior, na ripoti itasainiwa na msimamizi wao.

Jioni ile Hilda alimkuta baba yake amesimama bandani, mkono juu ya mgongo wa ng'ombe.

"Nimepewa mtihani, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Nikishindwa huu, mimi ni nani tena?"

Mtihani Hilda aliujua vizuri. Shuleni kwao matokeo yalibandikwa ukutani, na wa mwisho alichekwa wiki nzima. Aliyebahatika kuona maswali mapema aliwagawia rafiki zake, na aliyewanyima alionekana ana roho mbaya. Sasa maswali ya baba alikuwa nayo yeye kichwani. Angewezaje kumnyima baba yake mwenyewe?

Kesho yake alimwambia baba wacheze mchezo. Walikaa jikoni na beseni la ndizi, na kwa kila ndizi waliyomenya walitaja neno moja: jembe, asali, daraja. Siku ya kwanza baba alifika neno la nne tu. Siku ya tano alifika la kumi. Siku ya tisa aliyamaliza yote bila kukwama, akacheka kama alivyokuwa akicheka zamani, hata mama akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Hilda alilala akiwa na furaha.

Jumatano baba alikwenda Moshi. Aliporudi alikuwa amebeba mkate na maziwa ya mtindi. Alisubiri mama atoke, kisha akamwinamia Hilda.

"Yalikuwa yale maneno yako," alisema. "Yote kumi na matano."

Alimtazama kitambo, kama mtu anayetaka kuuliza jambo. Hakuuliza. Alikwenda chumbani akatoa begi lake la mlimani, akaanza kulifuta vumbi.

Ijumaa, baada ya shule, walikwenda wote wawili kukata majani ya ng'ombe upande wa mtoni. Ukungu ulishuka ghafla, kama unavyofanya mwezi huo, na migomba ya mbele ikabaki vivuli. Walipofika njia panda wakirudi, baba alishika njia ya kushoto kwa hatua ndefu. Hilda alimwambia kwamba nyumbani ni kulia, na kwamba kushoto kuna genge refu linaloshuka mtoni. Baba akamjibu kwa ukali kuwa alipita pale kabla Hilda hajazaliwa. Aliendelea. Hilda alimkimbilia akamshika shati. Chini yao walisikia maji yakipiga mawe, karibu sana.

Baba alisimama. Aliutazama mzigo wa majani uliokuwa begani kwake, akautazama ukungu, kisha akamgeukia.

"Hilda," alisema taratibu, "tulikuwa tunakwenda wapi?"

Hilda alimshika mkono akamrudisha nyumbani. Njia nzima alikuwa akiwawaza wageni kumi na wapagazi wao, wamepangana mmoja nyuma ya mwingine katika ukungu wa juu kule, wote wakimfuata baba yake. Ripoti ingeandikwa Jumatatu.

Tabitha alifika jioni ile, lakini Hilda alikwenda kulala mapema ili wasikutane. Kulipopambazuka alikwenda mpakani mwa kihamba chao, lile shamba la nyumbani, mahali ilipopandwa mimea ya masale kama ua, akachuma jani moja la kijani kibichi. Kwao, mtu akifanya kosa zito humpelekea jani la isale yule aliyemkosea, naye akilipokea hawezi kumfukuza bila kumsikiliza. Hilda aliwahi kuona wazee wakifanya hivyo. Hakuwahi kuona mtoto akifanya.

Tabitha alikuwa amekaa kwenye ngazi akinywa chai. Hilda alimwamkia shikamoo, akampa jani kwa mikono miwili. Tabitha alianza kutabasamu, kisha akauona uso wa mtoto, akakiweka kikombe chini.

"Limebeba nini hili jani?"

"Maneno yako, mama mdogo. Nilimfundisha baba."

"Mangapi?"

"Yote. Siku tisa."

Alimweleza na habari ya genge. Tabitha alilizungusha jani vidoleni mwake.

"Nimelipokea," alisema. "Lakini kosa hili halikuwa lako peke yako. Kile ni kipimo cha wagonjwa, na mimi nilikileta nyumbani nikakifanyia mazoezi kwako. Tulikatazwa. Nilijua, nikaona si kitu."

Hilda alisema kwa sauti ya kilio kwamba alitaka tu baba afaulu.

"Najua ulitaka kumsaidia. Ila huo si mtihani wa kufaulu, Hilda. Ukipeleka maji ya kisima chenu kupimwa, halafu njiani ukayamwaga ukajaza ya dukani, majibu yatakuja mazuri sana. Lakini mtaendelea kunywa maji gani?"

Pale pale alimpigia simu Melkior akamwomba asiandike ripoti, kisha akampigia msimamizi wake na kumweleza kila kitu, akianza na kosa lake mwenyewe. Hilda alisikia upande mmoja tu wa maongezi: ndiyo, nimeelewa, nastahili. Tabitha alizuiwa kuwaona wagonjwa kwa miezi miwili; wenzake wangemaliza mafunzo kabla yake. Hilda aliposikia hayo alilia kweli. Tabitha alimpa upande wa kanga yake ajifute, akamwambia kazi ngumu kuliko zote bado, nayo ni ya Hilda: kumwambia baba.

Baba alisikiliza nusu tu. Alipiga meza kwa ngumi, uji ukamwagika, akatoka. Mektrida alitaka kumfuata, Tabitha akamzuia. Walikaa wote watatu wakiisikia sauti ya panga lake likikata magomba makavu huko nyuma, kwa haraka, kisha polepole, kisha likanyamaza. Aliporudi alikaa kwenye kiti chake na kuifuta meza kwa kiganja.

"Nilijua," alisema. "Yule kijana alipotaja jembe, asali, nikajua. Ningeweza kumwambia. Nikaona acha tu, nirudi mlimani." Alimtazama binti yake. "Mtoto amenishinda ujasiri."

Alipimwa upya baada ya wiki mbili, kwa maneno mengine kabisa. Alikumbuka manne, na baada ya nusu saa alikumbuka moja. Kwa ridhaa yake familia iliitwa, na Melkior akawaeleza bila kuficha na bila kuwatisha. Sylvanus hakuwa mlevi wala mvivu. Mambo ya zamani yalikuwa salama kichwani mwake: majina ya miti yote ya msituni, dalili za mgeni aliyelemewa na mwinuko, jinsi ya kufunga mizigo. Sehemu iliyoumia ni ile inayoshika mambo mapya na kutambua njia. Hasira nazo zilitoka huko huko. Kuongoza wageni kungesubiri, pengine mwaka, pengine zaidi; hakuna aliyeweza kuahidi. Lakini kulikuwa na kazi ya kufanya. Baba alipewa daftari dogo la kuvaa shingoni, simu yake ikawekwa kengele za dawa, na kila Alhamisi alikwenda Moshi kufanya mazoezi ya kumbukumbu. Mama alifundishwa kumwambia jambo moja kwa wakati mmoja. Na majirani walipoelezwa, mnong'ono ule ulikufa wenyewe.

Bwana Shakiru aliposoma ripoti ya kweli alifikiri siku kadhaa, kisha akamweka Sylvanus kwenye stoo ya vifaa, karibu na lango. Humo kila hema na kila mfuko wa kulalia ulikaguliwa kwa orodha iliyoandikwa, na hapakuwa na mtu aliyejua vizuri kuliko yeye kitu gani kikikosekana juu kule mtu anaumia. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko ule wa mlimani, lakini ulikuwa wa kila mwezi.

Mwezi wa tisa, Jumapili mchana baada ya misa, Bwana Shakiru alikuja nyumbani mwenyewe. Kiongozi wake mmoja alikuwa ameugua malaria, na kundi la wageni lilikuwa linapanda kesho. Alimsihi Sylvanus awapandishe, mara hii moja tu. Alimwona ana nguvu, anachekesha watu stoo nzima; nani angejua?

Hilda alikuwa akigawa chai. Aliona macho ya baba yakienda dirishani, upande ambao mlima ulikuwa umefunuka wote.

"Ningependa sana kwenda, Bwana Shakiru," baba alisema. "Lakini kichwa changu bado kinasahau. Mtafute mwingine. Nitakuja alfajiri nikague vifaa vyao."

Bwana Shakiru alimshika mkono kwa heshima, akamaliza chai yake na kuondoka. Baba alimwita Hilda akae karibu naye. Alisema polepole, akihesabu maneno yake ili asipoteze moja.

"Ulipokuwa unanifundisha yale maneno, ulinipenda. Ulipokwenda kusema ukweli, ulinipenda zaidi, ingawa siku hiyo nilikuona adui. Anayekusaidia kuficha ugonjwa wako amekuacha nao peke yako. Shuleni ukikosa swali, mwambie mwalimu hukuelewa. Na wewe mwenyewe ukiumwa, mwili au moyo au kichwa, sema. Hapo ndipo watu wanapojua wakushike wapi."

Mama alimwuliza kama hatajuta kesho akiwaona wageni wakipanda bila yeye.

"Nitajuta," baba alisema. "Lakini watarudi wote."